Kundi la Kulinganishia Laomba Kushinda Mara Moja

Shukri Abdelmawgud,
Mwalimu wa Jiografia, Darasa la Pili B,
Shule ya Maandalizi ya Kafr Abu Nasif.

Alhamisi, baada ya kipindi cha sita.

Kwa Mheshimiwa Profesa, Mkuu wa Kitivo cha Elimu,

Amani iwe juu yako, na juu ya wasaidizi wako, na juu ya lile kabati la vioo lililo mlangoni pa ofisi yako, ambamo tasnifu za miaka iliyopita zimepangwa kwa rangi za majalada. Mimi nimo ndani ya kumi na moja kati ya hizo. Hunijui, na si kosa lako, kwa sababu jina langu halikuandikwa popote. Humo ndani naitwa "njia ya kimapokeo".

Naomba nijieleze. Shule yetu iko mwendo wa dakika ishirini kutoka Kitivoni kwako, kwa hiyo kila mtafiti anayetafuta watoto wa kujaribia mbinu mpya ya kufundisha hushukia kwetu. Utaratibu unaujua kuliko mimi. Anachukua Pili A, anawafundisha mwenyewe kwa mbinu yake, na hao ndio kundi la majaribio. Pili B wanaachiwa mwalimu wa shule awafundishe kama alivyozoea, ili mwishoni apatikane wa kulinganishiwa. Mwalimu huyo ni mimi. Kisha unafanywa mtihani, na inaandikwa kwamba Pili A wameshinda kwa tofauti yenye maana kitakwimu. Miaka kumi na tisa sasa, tafiti kumi na moja, na mara zote kumi na moja nimeshindwa. Hata timu ya mpira ya kijiji chetu, ambayo kipa wake ni muuza jibini aliyevuka miaka hamsini, imewahi kutoka sare.

Tarehe thelathini mwezi huu nastaafu. Jumapili hii, Mungu akipenda, bahasha ya matokeo ya utafiti wa kumi na mbili itafunguliwa ofisini kwa mwalimu mkuu wetu, Bi Insaf. Mheshimiwa, nataka kushinda. Mara moja tu! Nirudi nyumbani na karatasi moja inayosema kwamba Shukri alifundisha na watoto wakaelewa. Sitaki saa ya ukutani, sitaki ngao ya shaba, wala hotuba. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu maana niliyopewa. Kila tasnifu ina ukurasa wa kueleza maneno, na kila mtafiti ananakili kwa aliyemtangulia: "Njia ya kimapokeo ni ile ambayo mwalimu huzungumza na wanafunzi husikiliza." Hivi ni nani aliyewaambia kwamba wanasikiliza? Njoo Pili B siku yoyote baada ya mapumziko, wakiwa wameshiba mikate ya maharage na wengine bado wanatafuna, halafu unionyeshe huyo anayesikiliza. Nina miaka thelathini na sita kazini na sijawahi kusikilizwa dakika tano mfululizo. Mnanibandika sifa nisiyokuwa nayo, kisha mnaitumia sifa hiyo hiyo kunibwaga.

2. Kuhusu zana. Mwaka wa Mkakati wa Mwavuli, Pili A waliletewa miavuli ya rangi, kadi, projekta, na kila mtoto juisi ya embe. Pili B tuliletewa chaki, tena ile inayokwaruza ubao mpaka meno yanauma. Mtihani ukatungwa na mtafiti, kutoka kwenye kadi za mtafiti, ukasahihishwa na mtafiti. Swali la nne liliuliza: "Mwavuli wa tabianchi una mbavu ngapi?" Watoto wangu wanajua mvua inatoka wapi, kwa nini inanyesha Aleksandria na kwa nini inaipita Aswan bila hata salamu. Wakajibu kwamba tabianchi haina mbavu. Wakapata sifuri wote thelathini na wanane. Nikaenda kulalamika. Mtafiti, kijana mwenye adabu zake, akaniambia, "Ustadhi, usiumie roho. Ukishinda wewe, mimi nitatetea nini?" Nikamwambia, "Tetea ukweli, mwanangu!" Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Leo ni mhadhiri hapo kwako, na nasikia anafundisha maadili ya utafiti.

3. Kuhusu watoto wenyewe, na hapa naomba uniwie radhi. Jambo hili limewaingia vichwani. Kuna binti anaitwa Nagat, anakaa dirishani. Nilimuuliza kwa nini hakufanya kazi ya nyumbani. Akasimama vizuri, mikono nyuma, akasema, "Ustadhi, nikifanya nitaharibu utafiti." Lahaula! Nilitoka nje nikanywa maji. Baba yake, Haji Gharib mwenye bucha, akaja shuleni na aproni yake ikiwa bado ina damu, akasimama katikati ya uwanja akapaza sauti: "Mwanangu ana kasoro gani hata awe wa kulinganishiwa? Kwani ni jiwe la mizani?" Bi Insaf akamtuliza kwa chai ya mnanaa, akamweleza kwamba bila Pili B hakuna sayansi. "Basi mpeleke wako huko!" akasema Haji. Mtoto wa Bi Insaf yuko Pili A. Chai ilibaki mezani.

4. Kuhusu shukrani. Mtafiti wa tisa alimshukuru msimamizi wake, wazazi wake, dereva wa basi dogo, mpiga chapa, na paka wake Mishmish "kwa kukesha naye". Mimi sikutajwa. Sina ugomvi na paka.

5. Kuhusu siku ya utetezi. Nimehudhuria zote, maana mtu akipigwa ana haki ya kujua amepigwa vipi. Unajua zinavyokuwa. Ukumbi umejaa, maua yamefunikwa kwa nailoni, visanduku vya keki vinapita, mama mzazi yuko mbele na leso mkononi. Maprofesa watatu wenye majoho wanabishana saa mbili nzima juu ya ukurasa wa yaliyomo, wanatoka, wanarudi, na tunasimama wote kusikia "Bora Sana, pamoja na pendekezo la kuchapishwa na kubadilishana na vyuo vingine." Hapo vigelegele vinapasua dari. Nami nakaa pale nikila keki ya kushindwa kwangu. Nikifika nyumbani mke wangu Awatif ananiuliza, "Haya, leo wamekutia ngapi?" Mwaka juzi mjumbe mmoja wa jopo alipendekeza kwamba njia ya kimapokeo "itokomezwe, isisaliwe hata na mbegu". Ukumbi ukapiga makofi. Nikapiga na mimi, kwa adabu, mpaka nilipokumbuka kwamba anayetokomezwa ndiye mimi, na nina presha, na nina nyumba ya ghorofa mbili ambayo bado haijapigwa lipu.

6. Sasa tuje kwenye huu utafiti wa kumi na mbili, ambao ndio ulioniketisha niandike. Mtafiti ni Ibtihal, binti wa marehemu Zaki fundi baiskeli. Anafundisha hapa hapa shuleni kwetu, na kabla ya kuwa mwalimu alikuwa mwanafunzi wangu, Pili B, mwaka ule ule wa utafiti wa kwanza. Yaani alishindwa pamoja nami akiwa na miaka kumi na tatu. Tangu shule hii ijengwe hakuna mtoto wa Pili B aliyevaa joho la uzamivu. Amehangaika miaka sita, ameongezewa muda mara mbili, na usajili wake unakwisha mwisho wa mwezi huu. Asipotetea, jina linafutwa, basi tena.

Mkakati wake unaitwa Kitunguu. Somo linamenywa ganda baada ya ganda. Nje kuna swali kubwa, ndani yake sababu, ndani tena sababu ya sababu, mpaka watoto wanafika kwenye kiini wenyewe bila kuambiwa. Kakata vitunguu vya karatasi ngumu kwa mkono wake, vya zambarau na vyeupe, vizuri kweli, sitadanganya. Nilimfuata nikamwomba safari hii anibadilishie, anipe mimi Pili A. Akanishika mikono yote miwili. "Ustadhi wangu," akasema, "msimamizi ndiye aliyekutaja. Kaniambia nenda kwa yule mzee wa Kafr Abu Nasif, hajawahi kumwangusha mtafiti." Mheshimiwa, nilikosa pa kuweka uso. Mimi? Mimi ni mzee wa kuaminika kwa kushindwa?

Nampenda Ibtihal kama mwanangu wa kumzaa, lakini haki ni haki. Safari hii Pili B wameiva. Naona machoni mwao. Wanauliza maswali mpaka kengele inalia na hawasikii. Na nimewafundisha kwa chaki, kwa ubao na kwa koo langu, si kwa kingine chochote, naapa. Wakishinda, naomba Kitivo kisitafute visingizio vya sampuli ndogo wala hali ya hewa. Ibtihal ni msichana hodari, hakosi namna.

7. Kuhusu mustakabali wa Kitivo chenyewe, jambo ambalo naona hamjalifikiria. Nikistaafu, nani atashindwa? Walimu wote wapya hapa mmewafundisha ninyi, wote wanajua Mwavuli. Mkileta Kitunguu kishindane na Mwavuli, mshindi atakuwa hajulikani tangu mwanzo, na utafiti ambao mshindi wake hajulikani tangu mwanzo, msimamizi gani ataupokea? Shahada zitasimama. Wazazi watakuwa wamelipia ukumbi na keki bure. Kwa hiyo napendekeza niandikishwe katika daftari la vifaa vya Kitivo, baina ya mizani na ramani ya ukutani, nitumike mpaka nichakae.

Au, kama sheria hairuhusu, kianzishwe Chuo kidogo cha Njia ya Kimapokeo nami niwe mwalimu wake. Tutawafunza vijana kushindwa kitaalamu, miaka miwili, pamoja na mazoezi ya vitendo. Bila shaka nitahitaji kundi la kulinganishia, yaani walimu ambao hawakufunzwa kushindwa. Ikionekana kwamba hao wanashindwa vizuri zaidi kuliko niliowafunza mimi, basi nitakuwa nimeshindwa tena, na ubingwa wangu utakuwa umethibitika kisayansi.

8. Ile chaki inayokwaruza bado ipo.

Kwa hayo yote naomba amri yako, kwa maandishi, kwamba matokeo ya Jumapili yatangazwe kama yalivyo. Pili B wakishinda iandikwe wameshinda, ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene, na msimamizi asiguse.

Nisalimie wahadhiri wote, wa zamani na hawa vijana. Nisalimie mama wa maktaba anayenikaribisha kiti cha karibu na feni. Bi Insaf anakusalimu, Awatif anakusalimu na anasema ukipita huku usile mahali pengine, na Pili B wanakusalimu wote isipokuwa wawili waliolala.

Wako mtiifu, aliyevumilia hadi akachoka,

Shukri Abdelmawgud

Nyongeza, Jumapili, kipindi cha nne.

Mheshimiwa, posta ilifungwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo barua hii imekaa mfukoni mwangu siku mbili, na leo mambo yamegeuka.

Bahasha imefunguliwa asubuhi. Pili A wamepata wastani wa thelathini na tatu juu ya hamsini. Pili B, arobaini na moja. Arobaini na moja! Mzee mzima nilipanda juu ya kiti cha Bi Insaf, na kama si presha ningepanda meza. Watoto walikuwa wamejazana dirishani. Nagat alipiga kelele, "Tumeuharibu! Tumeuharibu utafiti!" wakakimbia uwanja mzima wamebebana.

Kisha Ibtihal akampigia msimamizi wake, na simu yake ina sauti kubwa, tulisikia wote. "Mkakati ulioshindwa na chaki si tasnifu, binti," akasema. "Rudia kwenye shule nyingine." Ibtihal akamwambia usajili unakwisha tarehe thelathini. "Basi zitazame hizo namba vizuri," akasema yule bwana. "Nimeshazitazama, Profesa," akajibu, "ni arobaini na moja. Nitaandika arobaini na moja." Akakata. Akanigeukia, akatabasamu, akasema, "Hongera, Ustadhi. Umestahili." Akaanza kuokota vile vitunguu vyake vya karatasi kimoja kimoja na kuvitia kwenye boksi. Hakulia. Angelia ningevumilia.

Mheshimiwa, barua yangu ina uongo. Nilikuapia chaki, ubao na koo. Astaghfirullah.

Tangu wiki ya pili nilikuwa nasimama nje ya dirisha la Pili A, nimejifanya nakagua mabomba, nikimsikiliza Ibtihal anavyomenya somo. Lilinikolea. Kila Ijumaa baada ya sala nikawaita Pili B juu ya paa la nyumba yangu, na kwa kuwa mkono wangu haujui kukata karatasi, nikawapa vitunguu vya kweli. Ganda la nje: kwa nini watu wamejazana kwenye Delta na jangwa liko tupu? La pili: udongo. La tatu: udongo umetoka wapi? Machozi yakatutoka sote thelathini na tisa, na Ijumaa ya kwanza majirani walidhani tumefiwa wakaleta kahawa isiyo na sukari, ile ya msibani. Tuliinywa, tukaendelea hadi maji ya Nili. Awatif hana kitunguu cha kukaangia dengu tangu mwezi wa pili, muulize.

Wala si Kitunguu peke yake. Ukuta wetu na Pili A ni mwembamba. Mwavuli niliutumia mwaka uliofuata, na kabla yake Ngazi, na Soko, na mingineyo yote mpaka wa kwanza. Kila mara nilikuwa nyuma kwa mkakati mmoja, ndiyo maana nikawa nashindwa. Njia ya kimapokeo haijafundishwa Kafr Abu Nasif kwa miaka kumi na minane, na nikiulizwa leo ilikuwaje, sitaweza kujibu.

Kwa hiyo hapakuwa na chaki iliyoshinda. Kitunguu kimelinganishwa na kitunguu, na kitunguu kimeshinda; tofauti ni zile Ijumaa zangu za ziada tu. Kimeshinda mikononi mwa mzee mwizi aliyekisikilizia dirishani, sembuse mikononi mwa walimu watakaofunzwa kukitumia! Utafiti gani umewahi kupata ushahidi wa namna hiyo? Mwite msimamizi umwonyeshe ukurasa huu. Niko tayari kuja mbele ya jopo na gunia la vitunguu. Malalamiko yangu yote nayafuta, la kwanza hadi la nane, na ombi langu nalifuta kabla ya yote.

Nimeshamwambia Ibtihal. Aliweka boksi chini, akaniuliza taratibu, "Ustadhi, wewe ulikuwa unasimama dirishani kwangu kujifunza?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu, kila siku. Hapo ndipo alipolia.

Mvisheni joho. Mimi niandikeni nimeshindwa.

Sh. A.